Tundu Alilolikalia Bwana Mipango

Meli ya Jitihada ilipozama walikufa watu tisa, vikapotea viti sitini, na mtu mmoja akawekwa rumande kwa ajili ya kizibo. Viti viliandikiwa kurasa mbili. Wale tisa waliandikiwa mstari mmoja, tena bila majina. Kizibo ndicho kilichonifikisha mimi, Zita binti Benno wa Mkumbi, na elimu yangu ya darasa la nne, mbele ya Tume ya Serikali, kwa sababu aliyekichomoa hakuwa yule aliyewekwa ndani. Aliyekichomoa alikuwa baba yangu mzazi.

Kwanza niseme tulifikaje Ziwa Nyasa, maana sisi Wamatengo ziwa tunaliangalia kutoka mlimani, na kule mlimani linapendeza sana.

Mwaka wa sabini na nne, mwezi wa saba, alikuja kwetu Bwana Mipango, ofisa wa mipango wa wilaya. Jina alilopewa na wazazi wake silitaji. Ana wajukuu, na wajukuu hawajanikosea. Alitoka mkoa wa mbali, mtu mnene, kalamu nne kwenye mfuko wa shati, na sikuwahi kumwona akiandika hata kwa moja. Akaitisha mkutano, akasema wajumbe kumi na wawili wa Mkumbi watakwenda Mbaha, kule ziwani, kutembelea kijiji cha mfano, wakaone namna watu wanavyoishi pamoja. Sisi tulikuwa tumeishi pamoja tangu enzi za mababu, ndiyo maana tulijua kwamba si jambo la kufanyia haraka.

Mimi nilichaguliwa kwa kuwa najua kusoma. Baba alichaguliwa kwa kuwa alibisha. Bwana Mipango alikuwa amesimama kwenye shamba letu la ngolo, yale mashimo tunayochimba kwenye mteremko, yakapangana kama masega ya nyuki ili mvua isiondoke na udongo wetu. Akayatazama, akasema, "Mzee Benno, haya ni mambo ya kizamani. Serikali inataka mistari iliyonyooka, toka juu mpaka chini."

Baba akamjibu, "Mvua ya kwanza ikinyesha, mwanangu, mistari yako utakwenda kuichukua Mbamba Bay, ziwani."

Watu walicheka. Bwana Mipango hakucheka. Akaliandika jina la baba kichwani mwake, kwa kuwa kalamu zilikuwa za mapambo. Lakini hata yeye alijua sifa za mzee. Mkumbi nzima walikuwa wanasema Benno anaongea na maji na maji yanamsikia. Akitazama mteremko anakuambia tone litapita wapi, litalala wapi, litatokea wapi.

Tukashuka kwa lori mpaka Mbamba Bay, tukapanda Jitihada. Ilikuwa na mashua mbili za kuokolea watu, moja kila ubavu. Ile ya kushoto ilikuwa imejaa viti vya kukunja. Huko Mbaha alikuwa anangojwa mgeni rasmi, na Bwana Mipango hakutaka viti vyake viwekwe chini pamoja na magunia.

Baharia mmoja akamfuata. Huyu ndiye Wendelin, kijana wa Mbaha, mrefu, mkavu kama dagaa usipa aliyekaa juani siku tatu. Akamwambia kwa adabu, "Mzee, hii mashua ni ya watu."

"Hao watu wako wapi? Mimi naona iko tupu."

"Ni ya siku ya shida, mzee."

"Na leo kuna shida?"

"Leo bado."

"Basi shida ikija, tutatoa viti. Huko chini vitanuka samaki. Unataka mgeni rasmi akalie samaki?"

Wendelin akarudi kwenye kamba zake. Mtu anayelipwa mshahara hana maneno mengi.

Safari ikaanza, na Wamatengo tukaanza kutapika. Kati ya wageni wote aliyebaki mzima alikuwa Mwanabibi, Bibi Maendeleo wetu, mwenyeji wa Lindi, aliyelelewa baharini. Alikuwa anapita na ndoo akitucheka. "Endeleeni tu kulitapikia ziwa, ndugu zangu. Kesho mtakuwa mnalinywa."

Kabla hatujafika nusu ya njia ukaamka upepo wa mwera. Nyasa likibadilika halipigi hodi. Mawimbi yakatusukuma kwenye mwamba, chuma kikalia vibaya, na meli ikainama upande kama mtu aliyechoka kusikiliza.

Watu wakakimbilia mashua ya kushoto kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Na viti vimo. Wengine wanavitupa, wengine wanapanda juu yake, na Bwana Mipango amesimama pale anapiga kelele, "Kwa utaratibu! Hiyo ni mali ya umma! Kimoja kimoja!" Kamba ya upande mmoja ikakatika. Mashua ikaanguka kwa pua, na watu na viti vikaingia majini pamoja. Wale tisa ndipo walipofia. Niliona kiti kimoja kimekunjuka chenyewe, kinaelea wima, kizuri kabisa, na mwenye kukikalia hayupo.

Hapo huwa siongezi neno.

Mashua ya kulia aliishughulikia Wendelin. Nilimwona kwa macho yangu: kitu cha kwanza alichofanya ni kukitia kizibo kwenye tundu la sakafuni na kukigongomea kwa kisigino mara tatu. Tundu hilo, alikuja kutueleza baadaye, huachwa wazi mashua ikiwa inaning'inia juu ili maji ya mvua yasijae ndani. Ikishuka ziwani, lazima lizibwe. Kisha akatushusha, watu ishirini na sita. Aliyetangulia kuingia lilikuwa begi la Bwana Mipango, na wa pili Bwana Mipango mwenyewe. Wengi waliobaki waliogelea, Wanyasa hao, na wavuvi wa mitumbwi wakawaokota.

Sisi tukawa tunaruka juu ya mawimbi, na mawimbi yanatumwagia maji mpaka yakafika kwenye vifundo vya miguu. Wendelin alikuwa kwenye kasia, jasho na maji haviachani. Bwana Mipango alipoona hazami, nguvu zikamrudia. Akasimama, akafungua mkutano.

"Ndugu wananchi, hatuwezi kwenda kiholela. Lazima pawe na uongozi. Mimi nitakuwa mwenyekiti. Anayepinga?"

Aliyekuwa na pumzi ya kupinga hakuwepo. Akapita. Akateua kamati ya usalama na kamati ya nidhamu. Kamati ya kupiga kasia hakuiteua. Halafu akatazama chini, akaona viatu vyake vipya vimelowa.

"Mzee Benno! Si wewe bingwa wa maji? Haya, yaondoe haya. Ni amri."

Sasa ndugu msomaji, umwelewe mzee wangu. Amezaliwa mlimani, amezeekea mlimani. Maji aliyoyajua maisha yake yote yana njia moja tu, nayo ni chini. Shimo la ngolo likijaa kupita kiasi, unatafuta mahali palipo chini kuliko pote, unatoboa, maji yanashukuru, yanaondoka. Basi akainama, akapapasa sakafu kwa mikono miwili kama anavyopapasa udongo, akakuta mahali palipo chini kuliko pote, na hapo hapo akakuta kizibo. Nilimwona uso umechangamka. Nadhani alijisemea, kumbe hata watengeneza mashua wana akili kama sisi. Akakizungusha, akakichomoa, akakitupa nyuma ya bega lake jinsi mtu anavyotupa bonge la udongo. Kikaenda zake ziwani.

Maji yakapanda. Yakasimama kama mti mchanga katikati ya mashua, na baba yangu ameinama anayatazama. Sijawahi kumwona binadamu aliyesalitiwa namna ile.

"Nani kafungua?" Wendelin akapiga kelele. "Jamani, nani kafungua?"

Watu walikuwa wanasali, na wengine walikuwa bado wanatapika. Mwanabibi akavua khanga ya juu, akaikunja, akaisokomeza kwenye tundu. Maji yakaitema. Akaisokomeza tena, ikatemwa tena.

Wendelin akageuka. "Bwana Mipango, shikamoo."

"Marahaba. Unasemaje?"

"Njoo ukae hapa."

"Nikae majini? Mimi?"

"Tunataka kilo, mzee. Humu mwenye kilo ni wewe peke yako."

"Mimi ni mwenyekiti wa—"

"Kaa!" Huyo alikuwa Mwanabibi, na sauti ile hakuiokota kwenye kozi ya maendeleo ya akina mama.

Akakaa juu ya khanga, na maji yakanyamaza. Sisi wengine, isipokuwa baba aliyejifunika uso kwa mikono, tukachota kwa sufuria, kwa kofia, kwa viatu vyake vile vile. Alikaa pale kwa saa nne nzima, suruali imelowa mpaka kiunoni, anatuhutubia juu ya mshikamano, na kila akitaka kunyanyuka aoneshe kwa mkono, tunapiga kelele watu ishirini na nne kwa pamoja, "Kaa, mzee!" Jua likiwa bado liko juu tukatua mchangani katika kijiji cha Lundo, hai.

Tukarudi Mkumbi. Baba hakusema neno juu ya kizibo, nami sikumuuliza. Ikapita wiki, ikapita ya pili, zikafika habari: Wendelin yuko rumande. Bwana Mipango ameandika ripoti kwamba baharia yule aliishusha mashua bila kuziba tundu, kwa uzembe au kwa hujuma, na kwamba mambo yote mabaya ya siku ile yanaanzia kwenye kizibo hicho. Akili ya kuzaliwa nayo, ile. Watu wakizungumza kizibo, hawatazungumza viti. Tume inakuja Lundo, na Zita binti Benno anaitwa kutoa ushahidi.

Baba akasimama. "Nakwenda mimi. Nitawaambia."

Mama yangu, Walburga, alikuwa anapepeta maharage. Hakuinua kichwa. "Utawaambia nini?"

"Kwamba ni mimi."

"Neno lenyewe siku hizi ni hujuma, Benno. Unajua wanafunga miaka mingapi? Utafia ndani kwa kuondoa maji kwenye viatu vya mtu. Yule kijana Mnyasa, Wanyasa wenzake watamtafutia maneno."

"Kijana yule alituleta nchi kavu."

"Basi mshukuru kwenye sala."

Baba akakaa. Usiku homa ikampanda, asubuhi ikashuka. Lori lilipofika homa ikampanda tena. Mimi nikapanda lori nimebeba mzigo wangu: nikisema kweli, baba anafungwa, nikinyamaza, Wendelin anafungwa. Lori lilipoanza kuondoka nikasikia mtu anagonga bodi kwa nyuma. Mzee, na homa yake, na kofia yake. Akapanda, akakaa mbali nami mpaka ziwani.

Pale Lundo Tume ilikaa darasani. Nilimkuta Mwanabibi nje, akanivuta nyuma ya choo cha walimu.

"Shikamoo, Bibi Maendeleo."

"Marahaba. Sikiliza, mdogo wangu. Ripoti nimeichapa mimi kwa mashine, najua kilichomo. Ameandika kwamba tangu tunatoka melini mpaka tunafika nchi kavu, hakuna lililotendeka mle bila amri yake."

"Kaandika hivyo hivyo?"

"Na kupiga mstari chini yake. Mimi siwezi kusema, nitahamishwa kesho. Lakini wewe huna kazi ya Serikali, watakuhamishia wapi?"

Nikaingia. Mwenyekiti wa Tume alikuwa mzee wa miwani, amechoka, na nje kulikuwa kunakaangwa samaki aina ya mbasa, harufu inaingia dirishani. Wendelin alisimama pembeni na askari, ndevu zimeota, suruali ameishika kwa mkono kwa sababu mkanda walimnyang'anya. Bwana Mipango alikuwa mbele, kalamu nne.

"Binti, mashua mliyopanda ilikuwa na kiongozi?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Bwana Mipango. Aligombea peke yake, akashinda."

Watu wakaguna. Mwenyekiti akaniangalia juu ya miwani. "Jibu maswali tu. Kizibo kilikuwepo?"

"Kilikuwepo. Wendelin alikigongomea kwa kisigino, mara tatu, mbele yangu."

"Kilitokaje basi?"

"Mheshimiwa, naomba isomwe ile sehemu ya ripoti inayosema juu ya amri."

"Wewe umejuaje kama kuna sehemu hiyo?"

"Hakuna ripoti isiyokuwa nayo."

Akafunua, akaisoma kwa sauti. "Hakuna lililotendeka bila amri yangu." Bwana Mipango alikuwa anaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikiliza sifa zake harusini.

"Ni kweli kabisa," nikasema. "Maji yaliingia viatuni mwake, akatoa amri yaondolewe. Hakusema yaondolewe kwa wapi. Raia mtiifu akatii. Kizibo hakikutoka kwa uzembe wa baharia, mheshimiwa. Kilitoka kwa amri. Na hapo sijagusa viti, maana sijui navyo kule melini vilipanda mashua kwa amri ya nani."

Darasa zima likageuka kumtazama Bwana Mipango. Mwenyekiti akavua miwani.

"Ndugu, ulikuwa kiongozi mle au hukuwa?"

"Mheshimiwa, ile ni... ile ni lugha ya ripoti. Kwa kusema kweli madaraka yenyewe sikuwa nayo."

"Ulikuwa nani basi?"

"Abiria."

"Abiria aliyekuwa anafanya nini?"

"Nilikuwa nimekaa."

"Umekaa wapi?"

Bwana Mipango akaziweka sawa kalamu zake. Mbasa wanakaangwa.

"Juu ya tundu," akasema.

Karani akauliza kama aandike hivyo hivyo. Mwenyekiti akamwambia aandike.

Sasa usidhani haki ilishuka pale ikiwa na mbawa. Mwenyekiti alitazama saa, akanong'onezana na wenzake, akasoma: kizibo kilitoka katika mazingira ya dhoruba; viti vilipotea katika mazingira ya dhoruba; wananchi tisa walifariki katika mazingira hayo hayo. Baharia aachiwe. Bwana Mipango alihamishwa mwezi uliofuata, akapewa wilaya kubwa zaidi.

Karani alikuwa anakunja makaratasi, mara nyuma kukasikika kiti kinaburuzwa.

"Ni mimi," baba akasema.

"Nani tena huyo?"

"Benno wa Mkumbi. Nilikichomoa kwa mkono huu."

"Mzee, tumefunga."

"Fungueni."

"Mzee wangu, imeshaandikwa dhoruba. Kaa chini."

"Mimi si dhoruba!" Baba akasogea mpaka mbele ya meza yao. "Mimi ni mtu, nina jina, andikeni!"

Lakini Tume ilikuwa imeshafika kwenye samaki.

Nilimkuta nje amesimama mbele ya Wendelin. Wendelin alikuwa anavaa mkanda wake, na mkanda ulikuwa umekuwa mrefu. Baba akavua kofia.

"Kijana, ni mimi niliyefanya vile."

"Najua, baba. Nilikuona. Ulikuwa umeinama kati ya magoti yangu."

Baba akaizungusha kofia mikononi. "Lakini uliuliza nani kafungua."

"Nilitumaini macho yangu yamenidanganya."

"Umekaa ndani siku kumi na tisa. Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, baba? Kwamba mtu mzima, mwenye mvi, yuko katikati ya ziwa, akatoboa chini ili maji yatoke? Wangeniongezea na kosa la kuidanganya Serikali." Akauvuta mkanda mpaka tundu la mwisho. "Halafu ningekutaja, wasingenitoa mimi. Wangetuweka wote wawili, na kile chumba ni kidogo."

Nilifikiri mzee atalia. Hakulia. Alilitazama ziwa kwa muda mrefu, kwa jicho lile analotazamia mteremko, na nikaona halimpi jibu.

"Niambie basi," akasema. "Maji ya humo hutolewaje?"

"Kwa kopo, baba. Unachota, unamwaga."

"Kwa juu?"

"Kwa juu."

"Maji yanatokea juu," baba akasema polepole, kama mtu aliyeletewa habari mbaya za ndugu yake. Kisha, "Nioneshe."

Ufukweni kulikuwa na mtumbwi umevutwa mchangani, umejaa maji nusu. Wendelin akampa kopo. Baba akakunja suruali, akaingia, akaanza kuchota. Alichota vibaya, maji yanamrudia kifuani, na wanawake waliokuwa wanaanika usipa wakaacha kazi yao wakawa wanamcheka wazi wazi, "Baba wa mlimani, ziwa haliishi hilo!" Hakuwajibu. Alichota mpaka mbao zikaonekana.

Lori likapiga honi. Likapiga tena. Baba akanyoosha mgongo, akautazama mtumbwi uliokauka, akamwambia Wendelin autie maji tena.